Taa Isiyovuma na Midomo ya Magesa

Kabla hujaniuliza kama naikumbuka karabai kwa hamu, nakujibu kabisa: hapana. Siikumbuki kwa hamu hata kidogo.

Nasema hivi kwa sababu nimechoka. Vijana mnakuja hapa kwangu Kirumba, mnakaa kwenye benchi, shikamoo babu, marahaba, halafu mnatoa simu na swali ni lile lile: "Babu Masalu, zamani maisha yalikuwa matamu, eti?" Matamu! Wewe umewahi kuvuta mafuta ya taa kwa mpira ili yashuke kwenye galoni, ukayameza? Umewahi kucheua mafuta ya taa kanisani, katikati ya wimbo? Mimi nimecheua. Mke wangu alihama benchi.

Juzi amekuja kijana mmoja nadhifu, anapamba hoteli, akanunua karabai yangu mbovu. Nikamwambia hiyo haiwaki, imetoboka tangi. Akasema haina shida mzee, ndani nitaweka balbu ya umeme. Nikamwangalia. Yaani watu wenye akili zao wamehangaika, wametupatia balbu ili tuachane na karabai, halafu wewe unachukua balbu unaificha ndani ya karabai. Nikamuuzia. Ningefanyaje?

Basi ngoja niwaeleze nilichokiona kwenye kazi yangu, kwa sababu kazi yangu ilikuwa mwanga, na mwanga umebadilika wote mikononi mwangu. Mtu ndiye hajabadilika.

Kwa msioijua, karabai ni taa ya mafuta ya taa yenye tangi chini na pampu ubavuni. Unasukuma upepo, mafuta yanapanda, yanageuka mvuke, yanawaka ndani ya kifuko cha nyuzi tulichokiita utambi, ingawa hakifanani na utambi wa kibatari. Mwanga wake mweupe, mkali. Na inavuma. Shhhhhhh, bila kupumzika, mpaka uizime. Wavuvi wa dagaa waliziweka juu ya maboya ya mbao yanayoelea ziwani, usiku wa giza. Wadudu wanafuata mwanga, dagaa wanafuata wadudu, wavuvi wanazungusha wavu. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawana habari na taa yako, kwa hiyo siku hizo wavuvi wanakaa nchi kavu, wanashona nyavu na kugombana na wake zao, na karabai zote za mwalo, pale mitumbwi inapofikia, zinaletwa kwangu nizitengeneze. Mwezi ulikuwa ndio bosi wangu.

Kazi nilifundishwa na mzee Saidi, fundi wa hapa mjini, mtu wa kofia safi na ulimi mchafu. Huyo mzee alikuwa hashiki karabai kabla hajainusa. Ananusa tangi, anakwambia hii imewekwa mafuta machafu, hii imelala na maji, hii mwenyewe ni mlevi. Alinifundisha kulainisha ile ngozi ya pampu kwa mafuta ya kupikia, uikande kwa vidole mpaka iwe kama sikio la mbuzi. Ngozi ikikauka, unapampu mpaka kwapa linauma na upepo hauingii. Utambi mpya unaufunga, unauchoma uwe jivu, na baada ya hapo usiuguse, usiupulizie, hata kupiga chafya upande ule ni kosa. Mimi siku ya kwanza niliona jivu nikalipangusa, nikaona nasafisha. Mzee Saidi alinitazama akasema, "Masalu, umefuta taa." 

Mzee Saidi ndiye aliyekuwa akisema, huku anasikiliza karabai kama daktari, "Ikivuma sawasawa, ni nzima." Alimaanisha taa. Lakini maneno ya fundi yakishafika kwa wavuvi yanakuwa kitu kingine. Wao wakashika kwamba ikivuma sawasawa, dagaa wanakuja. Mwalo mzima ukaamini kwamba dagaa wanaitwa na ule mvumo. Mtu analeta taa inawaka vizuri, mwanga kama mchana, anakwambia, "Ngosha," maana ndivyo wanavyotuita sisi Wasukuma, "hebu iongezee sauti." Ongeza sauti! Unaona sasa?

Sasa nije kwa Mama Malima.

Mama Malima alikuwa mjane, mwenye mtumbwi mmoja. Siku zile wanawake wenye mitumbwi walikuwa wa kuhesabu, na wavuvi hawakupenda kuamrishwa na mwanamke, ila yeye alikuwa haamrishi, alikuwa anakuangalia tu mpaka unafanya. Mwanawe Malima alikuwa mvuvi kwenye mtumbwi huo huo. Usiku mmoja majini Malima akafungua tangi la karabai aongeze mafuta, taa bado ya moto na nyingine inawaka pembeni yake. Nawaambieni mara zote: karabai inaongezwa mafuta ikiwa imezimwa, imepoa, na iko peke yake. Nilikuwa nawaambia kila mwezi mkubwa. Wananiitikia ndiyo ngosha, ndiyo ngosha. Moto ukamrukia. Shingo, upande wa shavu, na mkono. Wenzake walimtupa ziwani wakamvuta tena, ndicho kilichomwokoa.

Alikaa hospitali muda mrefu. Akapona, shingo ikabaki imekunjamana kama karatasi iliyofinyangwa. Siku aliyoruhusiwa, mama yake alikuja kwenye kibanda changu, akasimama mlangoni, hakukaa.

"Fundi, karabai haiingii tena kwenye mtumbwi wangu."

"Sasa mtavua na nini, mama?"

"Zimekuja taa za sola. Nimeziona mjini. Hazina moto."

Nilizijua. Taa ndogo, bapa, nyeupe, inakula betri ya pikipiki, na betri inashibishwa na jua mchana. Haina mafuta, haina pampu, haina utambi. Na haivumi. Imekaa kimya kama mtu aliyenuna.

Akazinunua. Na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu Magesa alikataa.

Magesa ndiye alikuwa mwenye taa katika mtumbwi ule, yaani ndiye anayezipanga majini na kuamua ni wapi wavu uzunguke. Mjita mmoja mrefu, domo kubwa, mvuvi hodari, hilo simnyimi. Wenzake walimfuata yeye. Akasema mbele ya wote, "Mama, mimi siwezi kwenda kukaa gizani na taa bubu. Utakaa na mtumbwi wako." Mitumbwi mingine ilikuwa inawaita, zile siku za giza, zisizo na mwezi, zilikuwa zinaanza. Wavuvi wakiondoka mwanzo wa giza, huwapati tena mpaka mwezi mwingine, na mtumbwi ukikaa juu ya mchanga jua linaupasua mbao. Mama Malima asingekuwa na njia ila kuuza. Na mtumbwi ule ndio uliokuwa unamlea yeye, mwanawe mwenye mkono mbovu, na wajukuu.

Wakaja kwangu. Wote. Kibanda kikajaa.

"Ngosha," Magesa akaanza, "wewe ndiye mwenye taa zote hapa. Tuambie ukweli. Dagaa anafuata mwanga, au anafuata mvumo?"

"Anafuata mwanga. Nadhani."

"Unadhani!" Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Anadhani."

"Magesa, mimi si dagaa."

"Nakuuliza wewe fundi. Ng'ombe akifika mtoni, anakunywa bila kupigiwa mluzi?"

Hapo Wasukuma wote mle ndani, na mimi mmoja wao, tukajikuna vichwa. Maana sisi ng'ombe tunampigia mluzi anapokunywa, tangu tunazaliwa. Ukiacha mluzi, ananyanyua kichwa anakutazama.

"Umeona," Magesa akasema. "Ng'ombe mwenye akili anahitaji mluzi, sembuse dagaa."

"Ng'ombe ana masikio, bwana!"

"Na dagaa umemchungulia?"

Sikuwa nimemchungulia. Nani anamchungulia dagaa masikio? Nikaona hasira inapanda. Mama Malima alikuwa ananitazama mimi tu. Na ninyi mnajua niliyokuwa nayo kichwani, sifichi: nikisema taa bubu inafaa na ikafaa kweli, kibanda changu kimekwisha. Kazi yangu yote ilikuwa kwenye ule mvumo. Lakini nilikuwa nimeiona shingo ya Malima. Nikasema, "Nendeni usiku mmoja. Mkirudi na ndoo pungufu kuliko mitumbwi ya jirani, ondokeni, na mimi mwenyewe nitamwambia mama auze. Mkirudi sawa, mnakaa."

Wakakubali, kwa kunung'unika.

Hapa nisimame kidogo niseme jambo, maana nikishalipita nitasahau. Siku ile ya kuandaa betri, mmoja wao aliambiwa zinapata nguvu kwa jua. Nilipofika mchana nikakuta amezianika betri zenyewe juu ya mchanga, zimepangwa safi katikati ya dagaa walioanikwa na mama zetu, na kile kioo cha sola kiko ndani ya nyumba kimefunikwa khanga kisipate vumbi. Ananiambia, "Hizi za upande huu tayari, bado kuzigeuza." Kuzigeuza! Nilikaa chini.

Haya. Wakaenda.

Asubuhi nilikuwa mwaloni kabla ya jua. Mama Malima alikuwepo, amejifunga khanga mbili. Mitumbwi ikaanza kuingia. Wa jirani wakashusha ndoo zao, nyingi. Halafu ukaja wa kwake, umekaa chini majini, na mtumbwi uliokaa chini una mzigo. Wakashusha, wakashusha, wakawapita majirani. Mama Malima akaweka mkono mdomoni. Mimi nikasema, nashukuru Mungu, na moyoni nikasema, kwaheri kibanda.

Lakini naona Malima, yule mwenye kovu, aliyekuwa amekwenda nao na mkono wake mbovu, anacheka mpaka anashika ubao wa mtumbwi. Na Magesa hasemi neno. Magesa, wa kutosema neno! Nikamsogelea. Midomo imevimba kama ameumwa na nyuki.

"Umepatwa na nini?"

Malima ndiye akajibu, huku machozi yanamtoka kwa kicheko. "Fundi, huyu amevuma usiku kucha! Ameinama juu ya maji, shhhhhh, shhhhhh, mpaka tunazungusha wavu anavuma! Tukimwambia pumzika anatikisa kichwa!"

Nikamtazama Magesa.

"Niliwaita mimi," akasema, kwa ile midomo. "Taa yenu ilikuwa imekaa tu."

Vijana wangu, nimekasirika mara nyingi maishani. Nimekasirishwa na mvua, na mafuta yenye maji, na mkwe wangu wa Buswelu. Lakini asubuhi ile! Kwa sababu sasa jaribio letu lote limeharibika. Nusu ya wavuvi wanasema ni mwanga, nusu wanasema ni midomo ya Magesa. Na yeye mwenyewe hapo hapo anadai aongezewe ndoo yake, kwa kazi ya kuvuma.

"Leo unabaki huku," nikamwambia.

"Nani anabaki?"

"Wewe. Mtumbwi unaenda bila wewe. Tuone dagaa watakuitikia wapi."

Alikataa, akatukana, akasema nimehongwa na wenye sola. Mama Malima akafanya yale yake. Akamtazama. Kisha akasema taratibu, "Magesa. Mwanangu aliungua na kitu kinachovuma. Nipe usiku mmoja wa kimya." Magesa akaangalia chini, akauchukua mkeka wake akaja kukaa kwenye kibanda changu jioni ile, amenipa mgongo. Nilimpikia ugali. Hakuweza kula vizuri, pilipili ilimchoma midomo.

Asubuhi mtumbwi ukarudi umejaa. Sawa na jana, pengine na zaidi. Malima anashusha, anapiga kelele, "Kimya kabisa, fundi! Kimya!" Wavuvi wote wakamgeukia Magesa wasikie atasema nini.

Magesa akatazama ndoo. Akatazama ziwa kwa muda mrefu. Akasema, "Mvumo wangu wa jana ulikuwa bado uko majini."

Mnaona kazi? Mnaona? Utamfanya nini mtu kama huyo? Lakini alirudi mtumbwini, akakaa, na mtumbwi wa Mama Malima haukuuzwa. Magesa aliendelea kuvuma kidogo kidogo miaka yote, kwa siri, akidhani hawamsikii. Huvumi tu kwa midomo yako, unavuma kwa kichwa chako, na kichwa hakina betri ya kubadilisha.

Mwezi mkubwa uliofuata, karabai zililetwa kwangu nyingi kuliko siku zote. Nikafurahi, nikaandaa ngozi na sindano za kuzibulia. Hazikuja kutengenezwa. Waliniletea nizinunue kama chuma chakavu.

Nikajifunza sola. Nikajifunza kuunga nyaya kwa risasi, kupima betri, kujua kutu ya kijani inayotafuna ncha. Lakini hizi taa za siku hizi zimegandishwa, huwezi kuzifungua. Karabai ikifa unaiuliza imekufa na nini, inakujibu. Hii imefungwa kama jeneza. Unaitikisa, unaitupa. Nalalamika, ndiyo, lakini msinielewe vibaya. Hakuna mtoto aliyeletwa hapa na taa ya sola akiwa amebabuka shavu. Hata mmoja. Kila nikitaka kuisifu karabai nakumbuka hilo nafunga mdomo.

Na si taa tu. Mimi jicho hili la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, naona ukungu mtupu. Daktari msichana, mdogo kuliko mjukuu wangu, amelifungua, akaondoa, akaweka kitu kama gamba la samaki, kesho yake nikaona. Nilimwona mke wangu amezeeka, na nikanyamaza kwa busara. Hayo ni makubwa. Halafu naenda kwa jirani, kapewa vidonge vya kifua, ameambiwa amalize dozi. Amekunywa nusu kapona, nusu nyingine amewapa kuku. "Kuku nao walikuwa wanakohoa." Binti yangu ana friji, ameifunga kwa ufunguo, ndani kaweka vyeti vya shule na viatu vya kanisani, eti panya hawafiki. Tunapewa kitu kipya, tunakikaribisha vizuri, tunakivisha nguo za marehemu.

Sasa sikieni ya mwaka huu.

Malima ni mtu mzima, mtumbwi umekuwa wake, mama yake anakaa kivulini anawakemea wanaoanika dagaa. Magesa ameshatutoka, Mungu ampumzishe na midomo yake. Mwenye taa sasa ni mpwa wake, kijana anaitwa Kulwa. Wakaja wote wawili, Kulwa kabeba simu na spika ile ya duara inayokoroma muziki.

"Babu Masalu, shikamoo."

"Marahaba. Semeni."

"Babu, una karabai hata moja nzima?"

"Ninayo. Ya nini?"

Wakatazamana. Malima akakuna lile kovu. "Tunataka uiwashe tu. Kulwa arekodi ule mvumo. Halafu usiku tutaufungulia kwenye spika, pale kwenye taa."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Malima. Mama yako alisema karabai isiingie kwenye mtumbwi ule."

"Si karabai, babu. Ni sauti yake tu."

"Wewe ndiye uliyecheka mpaka ukalia asubuhi ile! Wewe ndiye uliyepiga kelele kimya, kimya!"

"Ndiyo, babu. Lakini dagaa wamepungua, na watu wanasema..."

Watu wanasema. Basi nikaitoa karabai. Kwa nini? Kwa sababu nilitaka waone jinsi ilivyo upuuzi. Nikalainisha ngozi, nikajaza, nikapasha kwa spiriti, nikapampu. Ikawaka, mwanga ule ule, shhhhhhh. Nikanyanyua kichwa kumtafuta Malima. Alikuwa amesharudi nyuma, amesimama nje ya mlango, mkono shingoni, jasho linamtoka. Mtu anaomba sauti ambayo hawezi kukaa nayo chumba kimoja. Hapo ndipo nilipopasuka. Nikafoka: "Mjinga wewe! Shingo yako inajua, kichwa chako hakijui! Dagaa wangekuwa na masikio wangekuwa wameshahama ziwa hili zamani kwa kelele zenu! Mmepewa taa ya kimya, mnaitafutia kelele! Ondokeni hapa!"

Nikaizima. Wakaondoka. Sikujua kwamba Kulwa hakuwa ameizima simu.

Wakaenda ziwani wakaifungulia yote kama ilivyo, mvumo na mimi ndani yake. Na usiku ule wakapata, wakajaza. Kesho yake Kulwa akakata maneno yangu, akaacha mvumo mtupu, anasema ndoo zilipungua. Akayarudisha, zikapanda. Kwa hiyo sasa mwalo mzima umeshajua ukweli: si mwanga, si mvumo. Dagaa wanamfuata Babu Masalu akigomba. Mitumbwi mingine imeomba irushiwe. Mama Malima kanitumia salamu, anasema usiku upepo ukiwa wa huku ananisikia kutoka majini nikiwaita watu wajinga, na analala vizuri.

Jana walirudi tena. Simu ya Kulwa imezama. Malima anaongea kwa heshima zote, mikono nyuma, "Babu, tunaomba uturudie kutufokea. Karabai hata usiiwashe. Maneno tu."

Nikawafukuza. Niliwaambia mambo ambayo siwezi kuyarudia hapa mbele yenu, niliwataja wao na wajomba zao, niliwafuata mpaka barabarani na fimbo, nikasimama pale nikaendelea mpaka pumzi ikaniishia.

Kulwa alikuwa na simu mpya mfukoni. Alikuwa anarekodi.